Arubaini Haitoshi: Wakati wa Mtoto wa Paka Kumwacha Mama Yake

Mhadhara uliotolewa Lamu mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi. Unachapishwa kama ulivyosemwa, bila maswali na majibu yaliyofuata.

  

 Kazi yangu ilikuwa kutibu mifugo, na kwa zaidi ya miaka 30 nimeitwa usiku na mchana kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi na punda. Leo ni mara ya kwanza kuitwa nizungumze juu ya paka, nami nimefurahi sana. Paka tunaye kila daka na kila baraza. Wavuvi wakishusha samaki pale pwani yeye yupo, na msikitini pia yupo wakati wa kutawadha. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, na sisi hatumwingi. Lakini kutomfukuza hakutoshi kuwa malezi.

Kusudi langu jioni hii ni swali moja tu: mtoto wa paka akae na mama yake mpaka lini? Jibu langu nalitoa mapema, asiyeweza kukaa mpaka mwisho aende nalo. Akae wiki 12. Lakini mkono wa mwanadamu umzoee tangu wiki ya pili au ya tatu, akiwa bado ubavuni mwa mama yake. Mambo hayo mawili huenda pamoja, na nitakayoyasema yote ni maelezo yake.

Swali hili lilinishika nikiwa na miaka 9. Bibi yangu alikaa Matondoni, na nyumba yake ya makuti ilikuwa imeingiliwa na panya. Kwetu Langoni paka alikuwa na watoto wanne chini ya ngazi. Nikamchagua mmoja wa kijivu, mguu wake mmoja mweupe kama aliyekanyaga chokaa. Alikuwa ameanza kulamba mchuzi wa samaki, na mtu mzima mmoja akaniambia, "Akishakula huyo, ameshakuwa." Nikamtia katika pakacha, nikafunika kwa leso, nikapanda punda pamoja na mjomba. Alilia njia nzima. Tulipofika bibi alimtilia maziwa ya ng'ombe katika kifuu cha nazi, akanywa kwa pupa, sote tukafurahi. Usiku ule akahara. Usiku wa pili akaacha kulia, nasi tukadhani ametulia. Asubuhi ya tatu bibi alimkuta amejikunja ndani ya kiatu changu, amekuwa baridi.

Niliporudi Langoni nilimkuta mama yake akipita chumba hadi chumba, akiita kwa ile sauti fupi ya kooni ambayo paka huitumia kwa watoto wake. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni nasoma kazi hii, nilikaa nikapiga hesabu ya siku za yule paka wa kijivu. Hazikuzidi 30.

Hoja ya kwanza: kula si kukomaa

Kosa langu na la yule mtu mzima lilikuwa moja. Tulidhani mtoto akishaweza kutia chakula kinywani, mama hana kazi tena. Basi tumwangalie mtoto wa paka tangu mwanzo.

Mimba ya paka ni siku 63 hadi 65 hivi. Mtoto huzaliwa na uzito wa gramu 100 au karibu na hapo, chini ya uzito wa mayai mawili ya kuku. Macho yamefumba na masikio yameziba. Hana uwezo wa kujitia joto: akitoka ubavuni mwa mama au mwa ndugu zake, mwili wake hupoa hata katika joto letu hili la Lamu. Hawezi hata kwenda haja mwenyewe. Mama humlamba chini ya tumbo ndipo mkojo na choo vitoke, naye huvila vyote ili pale walipolala pabaki safi na adui asivute harufu. Kazi hiyo huendelea kwa wiki tatu hivi. Aliyewahi kulea watoto wa paka waliofiwa na mama, akawapangusa kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu kila baada ya kuwanywesha, anajua mzigo ambao mama huubeba kimya kimya.

Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Wiki ya tatu mtoto husimama na kupepesuka, na meno ya utoto yameanza kutoka. Yatakapotimia yote yatakuwa 26. Wiki ya nne huanza kulamba na kutafuna anachokula mama. Hapo ndipo watu husema "ameshakuwa". Lakini chakula cha wiki ya nne ni cha kuonja tu, kama mtoto wa binadamu anayemegewa kipande cha mkate akiwa mapajani. Ziwa bado ndilo chakula chake, na utumbo wake ndiyo kwanza unaanza kujifunza. Ndiyo maana maziwa ya ng'ombe humharisha: hayafanani na ya mama yake. Na mtoto wa gramu 400 akihara usiku kucha, maji yanayomtoka ni sehemu kubwa ya uhai wake.

Kumlikiza paka huchukua muda, na mwalimu wake ni mama mwenyewe. Nawaombeni mtazame hili kwa macho yenu, maana halihitaji chombo chochote. Katika wiki tatu za mwanzo mama ndiye anayewaendea watoto, hujilaza ubavu, akawaita. Baadaye watoto nao humfuata, wakakutana kati. Ikipita wiki ya tano mama huanza kuwanyima. Hulalia tumbo, chuchu zote chini. Hupanda kidaka cha ukutani ambako hawawezi kufika. Huwaacha walie kidogo, kisha hushuka akanyonyesha. Kesho hukawia zaidi. Kufika wiki ya saba au ya nane, kwa wengi, ziwa limekuwa la kujifariji tu. Mtoto aliyelikizwa hivyo hujifunza jambo ambalo aliyenyakuliwa hawezi kulijua: kwamba kunyimwa si kuachwa.

Hoja ya pili: arubaini

Nimewasikia wengi hapa kwetu, wakiwamo watu ninaowaheshimu sana, wakipimia paka kwa arubaini. Mzazi hukaa ndani siku 40, husingwa, hukandwa, kisha hutoka. Basi na paka naye akitimiza 40, wanawe wagawiwe.

Ndugu zangu, arubaini ni heshima ya mama. Ni siku za mwili wake kurudi. Hakuna mama wa Lamu aliyetoka arubaini akamwambia jirani, sasa njoo umchukue mtoto. Kitabu chetu kimetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, na baada ya miaka hiyo miwili mtoto bado ni mtoto, yuko mlangoni mwa mama yake. Siku 40 za paka hazifiki hata wiki sita. Ni ule wakati mama ameanza kupanda kidaka, na somo ndiyo kwanza linafunguliwa.

Hoja ya tatu: yanayokuja baada ya maziwa

Hapa naomba mnipe nafasi, maana hoja hii ndiyo iliyonileta.

Twasema mtoto wa nyoka ni nyoka, tukiwa na maana kwamba kila kiumbe huzaliwa na tabia yake. Kwa paka, nusu ya neno hilo ni kweli. Huzaliwa na makucha na jicho la kuwinda. Lakini namna ya kuvitumia vitu hivyo, na namna ya kujizuia kuvitumia, hufundishwa.

Mtazameni mama mwenye watoto wa wiki ya tano. Akikamata panya hamli hapo hapo. Humleta akiwa amekwisha kufa, akamweka mbele ya wanawe, akatoa sauti. Siku nyingine humleta akiwa nusu mzima. Baadaye humleta mzima kabisa, akamwachia. Panya akitoroka, mama humrudisha, akamweka tena palepale. Anavumilia! Tim Caro, mtaalamu aliyepata sifa kwa kuchunguza duma wa Serengeti, alianzia kwa watoto wa paka wa nyumbani, akachunguza jinsi mama anavyowaathiri katika kuwinda. Alipofika Serengeti alikuta somo ni lile lile kwa kipimo kikubwa: duma jike humkamata mtoto wa swala akiwa hai, akamfungulia mbele ya wanawe wamkimbize. Watoto wa duma hukaa na mama yao kiasi cha mwaka mmoja na nusu, na wakishaachana naye ndugu huendelea pamoja kwa miezi kadhaa. Jamaa wa paka, kuanzia yule wa uwandani hadi huyu wa jikoni, hawaharakishi kuachana.

Mwaka 1969 mwanasaikolojia wa Marekani, Phyllis Chesler, alichapisha jaribio ambalo nimekuwa nikilisimulia kila nilikokwenda. Watoto wa paka walitakiwa kubonyeza kijiti kila taa inapowaka ili wapate chakula. Wa kundi moja walimtazama mama yao akifanya hivyo. Wa kundi la pili walimtazama paka jike mgeni. Wa tatu waliachwa wajaribu wenyewe. Waliomtazama mama walijifunza kwanza. Waliomtazama mgeni walichelewa. Walioachwa peke yao hawakujifunza kabisa. Watoto wale walikuwa wamepita umri tunaowagawia sisi, walikuwa wanakula wenyewe na kukimbia wenyewe, na bado uso wa mama ndio uliokuwa mlango wa elimu yao.

Sasa tuje kwa ndugu. Watoto wa paka wanapovingirishana uwanjani sisi twaona mchezo. Kaa nao nusu saa uangalie meno. Mmoja humng'ata mwenziwe sikio. Akizidisha, mwenziwe hupiga ukelele, humkanyaga kwa miguu ya nyuma, kisha humwacha, mchezo umekwisha. Yule aliyezidisha hubaki peke yake. Dakika mbili baadaye hurudi, na safari hii hung'ata kwa taratibu. Hurudia hivyo mara mia, na akimng'ata mama, mama humpiga kofi la kucha zilizofichwa. Kwa njia hiyo hujua nguvu ya taya lake mwenyewe. Mchezo huu wa ndugu kwa ndugu huwa mkali zaidi kati ya wiki ya 9 na ya 14 hivi, na wakati huo watoto wengi wa mji huu wameshatengana zamani, kila mmoja na nyumba yake.

Matokeo yake nimeyaona kwa miaka 30. Huja mama na mtoto wake mwenye mikwaruzo mikononi, akaniambia, "Daktari, paka huyu ana shetani." Namuuliza alimpata akiwa na umri gani. "Alikuwa mdogo, anaenea kiganjani." Hana shetani huyo, mama yangu. Hajapata mtu wa kumpigia ukelele na kumwacha. Mwingine huniambia paka wake mkubwa hunyonya ncha ya shuka kila usiku, huku akikanda kwa mikono kama akandaye ziwa. Namwambia asimpige.

Nisije nikaambiwa haya ni ya kuona kwangu tu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, walichapisha uchunguzi wa paka zaidi ya 5,000, kutokana na majibu ya wenye paka kwa hojaji. Paka walioachishwa mama kabla ya wiki 8 walikuwa na uwezekano zaidi wa kuwa wakali. Waliokaa mpaka baada ya wiki 14 walikuwa watulivu zaidi, na tabia za kujirudiarudia bila sababu zilikuwa chache kwao. Watafiti wenyewe wakapendekeza wiki 14. Mimi nawaomba 12, kwa kuwa nazijua nyumba zetu na nafasi zake.

Sheria za wenzetu nazo zimeanza kufuata. Uingereza, kanuni za mwaka 2018 zinamkataza mfanyabiashara mwenye leseni kuuza mtoto wa paka asiyetimiza wiki 8, na Ufaransa nako kikomo ni wiki 8. Sweden wamefika 12. Chama kikongwe cha wafugaji wa paka wa Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1910, huwaambia wanachama wake wangoje wiki 13.

Hoja ya nne: mkono uingie mapema

Najua kuna kijana hapa mbele anayejiuliza: tukingoja wiki 12, si atakuwa ameshakuwa wa porini? Swali lako ni zuri, na ni kweli kuna hatari hiyo.

Eileen Karsh, wa Chuo Kikuu cha Temple kule Philadelphia, alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1980. Wapo watoto wa paka walioanza kushikwa na watu kila siku tangu wiki ya tatu, wapo walioanza wiki ya saba, na wapo ambao hawakushikwa mpaka wiki ya 14. Walioanza mapema ndio waliomwendea mtu upesi na kukaa mapajani kwa muda mrefu. Walioanza wiki ya saba hawakutofautiana sana na wasioshikwa kabisa. Mlango wa kumzoea binadamu, kwa hesabu yake, uko wazi kati ya wiki ya pili na ya saba.

Watu wengi wakisikia hivyo husema: basi tumchukue katika wiki ya tano, mlango ukiwa wazi. Hapana. Umzoeshe katika wiki ya tano, kisha umrudishe kwa mama yake. Mzoee mapema, mchukue baadaye. Nenda pale chini ya ngazi kila siku, umshike, umpapase masikio na vidole vya miguu, umsemeshe, kisha umweke palepale ulipomtoa. Mama akikuamini, mtoto naye hukuamini kwa kumtazama yeye. Watu mbalimbali wamshike: mzee, mtoto, mwanamume mwenye sauti nene, mama aliyevaa buibui. Asikie mwiko ukigonga sufuria na punda akilia uchochoroni.

Pwani yetu yenyewe ina ushahidi. Katika mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa na shamba la minazi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, aliona paka jike na watoto wenye madoa asiyowahi kuyaona. Wagiriama walikuwa wakimjua paka huyo siku nyingi, wakimwita kadzonzo, kwa sababu manyoya yake yafanana na gamba la mti. Akawachukua wawili, dume na jike, akawalea kwa mkono, wakazoea nyumba. Kizazi chao kilifika Denmark katika miaka ya 1980, na mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la wafugaji wa paka likalitambua kabila hilo kwa jina la msitu wetu. Watoto wa kichakani walikubali mkono kwa kuwa uliwafikia wangali wadogo. Mtoto wa paka aliyeko chini ya ngazi yako, hatua tano kutoka jikoni, mkono unaweza kumfikia bila kumpokonya mama.

Hoja ya tano: maradhi

Hii ni fupi. Mtoto wa paka hupata kinga yake ya kwanza katika dang'a, maziwa ya siku ile ya kuzaliwa, na utumbo wake huipokea kinga hiyo kwa saa chache tu za mwanzo. Kinga hiyo hupungua polepole kuanzia wiki ya sita au ya nane, na mwili wake mwenyewe bado haujajenga yake. Katika pengo hilo ndipo huingia mafua ya paka na panlukopenia, maradhi ya kutapika na kuhara ambayo huweza kuua kwa siku moja au mbili. Chanjo huanza kwenye wiki ya nane hivi, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16, na ile ya kichaa cha mbwa hupigwa afikapo wiki 12. Kuhama nyumba ni mshtuko, na mshtuko hushusha kinga. Tusiulete katikati ya pengo. Akihama akiwa na wiki 12, ahame ameshaanza chanjo na ameshapewa dawa ya minyoo.

Hoja ya sita: mama ana haki yake

Masheikh wetu wananisikiliza, nao wanajua zaidi yangu, lakini niruhusuni nikumbushe mapokezi yanayosimuliwa katika mkusanyiko wa Abu Dawud. Maswahaba walikuwa safarini, wakamwona ndege na makinda wawili, wakawachukua makinda. Yule ndege akaja akipigapiga mbawa. Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza ni nani aliyemuumiza ndege huyu kwa wanawe, akaamuru warudishwe. Nilipoyasikia mapokezi hayo mara ya kwanza, hapa hapa Lamu, nilimkumbuka paka wa Langoni na ile sauti yake ya kooni.

Kwa upande wa kazi yangu naongeza hili. Watoto wakiondolewa wote siku moja wakati bado wananyonya, maziwa humjaa mama, chuchu huvimba, hupata joto, na wengine hufanya jipu. Waondoke mmoja mmoja, siku tatu au nne kati yao, maziwa yapungue kwa kadiri. Na mama mwenyewe afungwe uzazi baada ya kumaliza kulea, maana huweza kushika mimba nyingine hali bado ananyonyesha, na mwanawe wa kike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu. Watoto wengi wanaotupwa sokoni wakiwa na wiki nne hutupwa kwa sababu tumbo jingine limeshaingia.

Namna ya kuhesabu

Najua nyumba nyingi haziandiki tarehe aliyozaa paka. Basi nawapa kipimo tulichonacho sote. Akizaa, tazama mwezi mbinguni uko wapi: umeandama, umefika nusu, au umepevuka. Ungoje urudi hali ile ile mara tatu. Miezi mitatu ya mwandamo ni siku 88 au 89, yaani wiki 12 na nusu. Hakuna mtoto wa Lamu asiyeweza kuhesabu miandamo mitatu.

Mwenye mizani ya jikoni aitumie pia. Mtoto mzima huongeza gramu 10 au zaidi kila siku. Siku mbili mfululizo bila kuongezeka, tafuta daktari, usingoje ya tatu.

Zipo dharura. Kunguru wamemdonoa, paka shume anawaua, au mama amekufa. Hapo huna la kungoja, mwokoe mtoto. Lakini usimlee peke yake ukiweza. Ulizia mtaani ni paka gani anayenyonyesha, maana wengi hukubali mwana wa mwenziwe akipakwa harufu ya wanawe. Ukikosa, tafuta maziwa ya unga ya watoto wa paka kwa daktari wa mifugo, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, na mtoto mwingine wa rika lake wa kumng'ata sikio.

Na siku ya kuondoka, kile kitambaa walichokuwa wakilalia kikatwe kipande, mtoto aende nacho. Mpe chumba kimoja kwanza, si nyumba nzima. Usiku wa kwanza atalia. Laleni karibu naye.

Tuendapo

Ningependa kabla ya kaskazi ijayo kuvuma, kila chuo na kila skuli ya kisiwa hiki iwe na daftari moja la paka: nyumba gani amezaa, mwezi ulikuwaje, wangapi, nani ameahidiwa yupi. Aliyeahidiwa aje kumshika mtoto wake kila Ijumaa mpaka miandamo mitatu itimie. Tukifika hapo, chanjo itakuwa rahisi kwa sababu tutajua watoto wako wapi, na kufunga uzazi kutakuwa rahisi kwa sababu tutajua mama ni yupi. Walimu wawili wameshaniahidi kuanza, na wanafunzi wao wamo humu. Inueni mikono tuwaone. Alhamdulillahi.

Mimi nimeshaanza kwangu. Chini ya ngazi yangu yuko paka mweupe mwenye mkia wa kijivu, alizaa mwezi ukiwa umepevuka. Umepevuka tena mara moja tangu hapo. Watoto ni watatu, na jana mama yao aliwaletea mjusi aliyekufa, wakamzunguka wasijue la kufanya. Wawili wameshaahidiwa. Wa tatu ni jike, ana sikio moja jeusi, na bado hana mtu. Anayemtaka aje baada ya Alasiri, mlango uko wazi, akae naye kitako hapo chini ya ngazi, kisha amrudishe kwa mama yake aende zake. Bado imebaki miandamo miwili.